Rimoti ya Wagonga Kokoto

Mama yangu alipangusa kioo cha simu mara kumi na nne asubuhi ile, na mara zote kumi na nne simu ikamjibu kwa sauti laini ya kike, "Hakuna aliyegusa."

Alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja katika kibanda changu cha ufundi simu, kata ya Nyamabwe, Mwanza, huku juu ambako nyumba zimebanana na miamba. Nyota ya kijani ilikuwa inametameta chini ya kioo, ikisubiri kidole kiipandishe. Mama alijaribu kidole cha shahada, kisha cha kati, kisha gumba. Akavilowanisha kwa mate kama tangazo la Idara ya Uhai linavyoshauri. Mwishowe akainama akaipangusa nyota kwa pua. Hapo simu iliona kitu, ila haikumwona yeye. "Aliyegusa si Mbuke," ilisema.

"Lakini nipo hapa," mama aliiambia simu.

Niligeukia ukutani nikajifanya natafuta bisibisi. Nilikuwa na hasira, na sikutaka aione.

Niseme mapema, asije mtu akadhani mama alikuwa mzembe wa teknolojia. Mbuke amegonga kokoto miaka thelathini na sita. Vumbi la mawe hula ngozi ya vidole, kisha ngozi nyingine huota juu yake, ngumu na kavu. Kioo cha simu hakitambui kidole kwa sababu ni kidole. Kinahisi umeme mdogo uliomo kwenye ngozi yenye unyevu. Kidole cha mgonga kokoto hakina unyevu huo, na kwa kioo hakina tofauti na kipande cha mti. Barabara wanazopita wakubwa wa Idara kwenda ofisini zimejengwa kwa mawe yaliyopasuliwa na mikono hiyo. Wanazikanyaga kila siku, halafu wanasema mikono haipo.

Wazee wetu walituhadithia habari za watumishi hewa, majina yaliyokuwa yakila mishahara bila kuwa na miili. Ili kuwakomesha ikaja Orodha. Kila asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, nyota hutokea kwenye simu ya kila mtu naye huipandisha juu. Kioo hakiangalii alama za vidole, kwani hizo zilishaibiwa sana. Kinaangalia mtetemo wa mkono unaopangusa, maana hakuna mikono miwili inayotetemeka sawa. Aliyepangusa Yupo. Asiyepangusa siku tatu Hayupo, na asiyekuwepo hafunguliwi bomba la maji wala kabati la dawa pale zahanati. Hata vifo haviripotiwi tena. Mtu hufa kwa kuacha kupangusa. Basi walitoka kuwakimbiza watu hewa, wakaishia kumfanya hewa mtu mwenye mwili, tena mwili wenye ugonjwa wa sukari, unaohitaji sindano mbili kwa siku.

Kwa miaka miwili nilimpangusia mimi. Kisha wakaboresha mfumo na kuleta kanuni mpya: mkono mmoja hauwezi kuwa mahali pawili. Ukionekana pawili unafungwa, na mwenye nao Hayupo mpaka ahakikiwe. Siku ya kwanza ya kanuni hiyo tulifungiwa wote wawili wiki nzima, mama akazimia mara mbili. Walipotufungua walirekodi upya mkono wa mama kwa kalamu ya ofisini, ila kila asubuhi simu bado ilitaka kidole.

Nilikwenda kwa Afisa Uhai wa kata, Bwana Rutashobya, mwanamume mpole mwenye tai iliyonyooshwa vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunywa. Kisha akasema mfumo haumwoni mama, na yeye kazi yake ni kuona kwa macho ya mfumo. Akafungua droo akanipa kopo la mafuta ya mgando, ampake mama vidoleni. Nililibeba kopo lile hadi nyumbani kwa sababu nilikuwa nimepigwa na butwaa, na nilipofika nikalitupa chooni.

*

Simu zote, hata za siku hizi, zina mlango wa uani. Uliwekwa zamani kwa ajili ya watu wasioweza kutumia kioo: unaunganisha kipanya au kibodi kwa bluetooth, na simu inapokea amri zake kana kwamba umegusa kwa kidole. Idara haikuuziba mlango huo, nadhani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwa upo. Nikachukua chipu ya bluetooth kutoka kwenye spika iliyokufa, betri ya saa ya mkononi na kitufe kikubwa cha kengele ya mlango. Nikaandika programu inayoiambia simu mambo matatu tu: kidole kimetua hapa, kidole kinasogea kuelekea huku, kidole kimenyanyuka. Mama angebonyeza kitufe kwa kiganja, na rimoti ingepangusa kwa niaba ya kidole.

Ilipangusa vizuri mno. Nyota ilipanda imenyooka kama uzi wa fundi mwashi, kwa mwendo uleule toka chini hadi juu, na simu ikasema, "Mashine haina uhai." Nikaongeza mtetemo wa kubahatisha, namba zilizochaguliwa ovyo na programu. Ikajibu vilevile. Nilikaa na tatizo hilo siku sita kabla sijalielewa. Mkono wa mtu hautetemeki ovyo. Kila mtikisiko unatokana na uliotangulia. Mna uzito wa mfupa ndani yake, na uchovu wa jana. Huwezi kuutunga. Ni lazima uuchukue kwa mwenyewe.

Siku ya saba nilimpelekea mama uji kwenye malundo. Wanawake kumi na mmoja hukaa pale chini ya maturubai, kila mmoja na lundo lake, wakilibana jiwe ndani ya kipete cha mpira wa tairi ili lisirushe vipande machoni. Nikiwa bado nyuma ya mwamba, sijamwona mtu, nilishajua kwamba mama yuko kazini na Mayu Holo naye yuko kazini. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na ndivyo tunavyowaita wote pale. Mlio wa nyundo ya mama ni mmoja mzito na miwili ya kumalizia. Wa Holo ni mitatu mifupi na kupumzika. Tangu utoto nimewatambua kwa milio yao. Nilisimama na bakuli la uji mkononi nikijiita mpumbavu.

Nilichimba mpini wa nyundo ya mama, nikatia ndani kihisi mwendo nilichokitoa kwenye simu ya zamani, pamoja na chipu na betri, nikaziba kwa gundi na mpira. Nyundo ilipoinuka na kushuka, kihisi kiliandika mtetemo wa mkono wake, na rimoti ikaugeuza kuwa mpanguso. Mtetemo wa mkono ni uleule, mtu awe ameshika kalamu, mwiko au nyundo. Kitufe nilikiondoa kabisa. Sikutaka wanawake wazima waombe ruhusa kwa kitufe. Nilitaka wafanye kazi yao, na kazi yao iwashuhudie. Simu ingekaa kikapuni, nyota ikitokea nyundo ingeipandisha yenyewe. Nilijisifu sana kwa kukiondoa kile kitufe, na kujisifu huko kulikuja kututokea puani.

Asubuhi ya kwanza mama aligonga moja zito na mawili ya kumalizia. "Karibu, Mbuke," simu ikasema kutoka kikapuni. Wanawake wote wakaacha kugonga. Mayu Holo, aliyekuwa mtani wa kila mtu, akasema leo Idara imemtambua mwenye barabara yake. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimechimba mipini kumi na mmoja.

*

Mayu Holo alifariki siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amekaa kazini. Alishusha nyundo, akaegemea mti wa turubai, na wenzake wakadhani anapumzika. Yeye na mama walianza kugonga kokoto mwaka mmoja, na sukari nayo iliwapata mwaka mmoja. Walikuwa wakichomana sindano mchana, kila mmoja akimlalamikia mwenzake kwamba ana mkono mzito.

Wagonga kokoto wana desturi yao. Mwenzao akifa, lundo lake haliachwi nusu. Nyundo yake na kikapu chake haviondolewi mahali pake; wenzake hukaa kwenye kigoda chake kwa zamu na kuyamalizia mawe yake kwa nyundo yake mwenyewe, mpaka jiwe la mwisho. Na yule aliyekuwa mwandani wake huiweka chini nyundo yake kabisa, haigusi mpaka lundo la marehemu liishe. Mimi nimekulia pale. Niliijua desturi hiyo kabla sijajua kusoma. Hata hivyo kwa siku sita nilipita pale nikiwasikia wakigonga lundo la Holo, nikaona ni heshima nzuri, wala sikuwaza kwamba simu ya Holo imo kikapuni mwake, inachajiwa na kipande chake cha sola, na kwamba nyota inatokea kila asubuhi na nyundo yake inaipandisha.

Siku za mwanzo waligonga wote, dakika chache kila mmoja. Mfumo unaruhusu mkono ubadilike kidogo kidogo, maana watu huugua na kuzeeka, kwa hiyo mkono wa Holo ukachanganyika polepole na mikono ya wenzake bila mfumo kushtuka. Baadaye wengine walirudi kwenye malundo yao, akabaki mama peke yake. Mfumo ukajifunza mkono wa mama na kuuita Holo. Nyundo ya mama, wakati wote huo, ilikuwa imelala chini kwa heshima ya msiba.

Jumatatu alikwenda zahanati kuchukua dawa za wiki, kabati halikufunguka. Akarudi kwenye malundo, akaiinua nyundo yake kwa mara ya kwanza tangu Holo afe, akagonga mara tatu.

"Mkono huu ni wa Holo," simu ikasema. "Mbuke hayupo."

Nilipotazama Orodha, nilikuta mbele ya jina la mama yangu pameandikwa marehemu. Alikuwa amebakiza sindano za siku tatu.

*

Rutashobya alikuja mwenyewe siku iliyofuata. Aliwaamkia wanawake vizuri, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuja na askari wala kelele. Alichuchumaa mbele ya mama akamweleza. Kwenye kumbukumbu zake Holo yu hai na Mbuke amefariki. Yeye hawezi kumhakiki Mbuke, kwa sababu uhakiki ni wa mkono, na mkono wake sasa ni wa Holo. Nikamuuliza habari za mashahidi, kwani nilipata kusoma kwamba zamani kila ofisi ilikuwa na daftari, watu wawili wenye macho wakisema fulani yu hai, basi yu hai. Akasema kifungu hicho kilishafutwa. Kisha akapunguza sauti.

"Mama, mimi sikutakii mabaya. Kabati la Holo linafunguka, na dawa zake ni zilezile zako. Wewe gonga nyundo ya Holo, chukua dawa za Holo, uishi. Nikifungua faili itabidi niandike habari za nyundo, na zitazimwa zote."

Yaani alimwomba mama yangu awe maiti kwenye vitabu, na Holo anyimwe hata kufa, ili faili lake yeye libaki safi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alisema kwa huruma ya kweli. Wanawake wengine waliinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa anafikiria bomba lake la maji na kabati lake la dawa, na sikuweza kumlaumu hata mmoja. Mama alimwambia tu kwamba amesikia.

Kabla ya kuondoka Rutashobya aliiokota nyundo ya mama, akataka kujua inafanyaje kazi. Nikamweleza, fundi akiulizwa kazi yake hata na adui ataeleza. Akaomba ajaribu. Akavua saa, akakaa kwenye kigoda cha mama, akaanza kupiga mawe. Aligonga kama mtu anayebisha hodi ukweni. Wanawake wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, naye akacheka nao, akapasua mawe ishirini au zaidi kabla hajachoka. Akajifuta mikono kwa leso, akaaga, akaenda zake.

Niliitazama nyundo. Kwenye mpini, kitaa kidogo cha rangi ya machungwa kilikuwa kinawaka. Huwaka hivyo nyundo inapokuwa imejifunza mkono mpya.

*

Mkono wa Afisa Uhai si mkono wa hivi hivi. Kwa mpanguso mmoja unafungua jina lolote katika kata nzima. Mchana ule niliiunganisha nyundo na kompyuta yangu, nikauona mtetemo wa Rutashobya umechorwa kwenye skrini, mstari unaoyumba kwa adabu. Dakika tano zingetosha. Mbuke angekuwepo, Holo angepumzika, nyundo zote zingekubaliwa daima, na hakuna ambaye angejua.

Nilimwita mama nikamwonyesha. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nilijua amegawa sindano ya asubuhi nusu ili zisogee, ingawa hakuniambia. Aliuliza swali moja tu, kama mwenye mkono anajua. Nikasema hajui.

"Walinichukulia mkono wangu bila kuniuliza," alisema. "Na wewe unataka kuchukua wa mwenzio bila kumwuliza."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtu anayegawa mafuta ya mgando kwa wagonjwa hana mkono wa kuonewa huruma. Nilimwambia anakufa, na kwamba wanaomuua wamekaa kwenye kiti wanakunywa chai. Nilimwambia kama hataki hili, basi awe Holo kama alivyoshauriwa, angalau niwe na mama.

"Nikiwa Holo, nani atamlilia Holo?" alisema. "Na Mbuke akishakufa, Wande, wewe utakuwa mtoto wa nani?"

Nililia pale mezani, machozi yakidondokea bisibisi zangu, naye akaniacha nilie. Kisha akajifunga kanga vizuri akanipa maagizo. Kesho asubuhi tumrudishie Afisa mkono wake mbele ya watu, kama unavyorudisha sufuria ya jirani, uwe umeiosha. Nyundo ifutwe naye akiona. Baada ya hapo tutaomba haki ya Mbuke kwa mdomo, na tukinyimwa, tumenyimwa tukiwa safi.

Nilikubali. Lakini sitasema uongo hapa: nilikubali haraka kuliko kawaida yangu, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kanuni.

*

Ofisi ya kata hufunguliwa saa mbili. Ukumbini palikuwa na watu kama arobaini, na wagonga kokoto wote kumi walikuja, kila mmoja na nyundo yake. Ukutani pana kioo kikubwa cha kupangusia kwa ajili ya wenye simu mbovu. Rutashobya alikuwa ameshapangusa mezani kwake. Kompyuta yake ilikuwa wazi na jina lake liliwaka kijani juu ya mlango.

Mama aliweka nyundo mezani. Akasema tumekuja kurudisha kitu chake, kwamba mkono wake umebaki ndani ya nyundo tangu jana, na binti yake ataufuta akishuhudia. Rutashobya akatabasamu. Akainua sauti kidogo, kuwatuliza watu, akasema hilo haliwezekani. Mikono ya maafisa inalindwa na mfumo, haiibwi na nyundo ya kupasulia mawe. Mkono wake ni huu hapa, akasema, akainua yote miwili juu ukumbi mzima uione.

"Basi hutaona ubaya nikionyesha," nilisema.

"Onyesha," akasema.

Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri. Niliunganisha nyundo na kioo cha ukutani. Nyota ikatokea, ikapanda taratibu, ikiyumba kwa adabu.

"Karibu, Afisa Rutashobya," kioo kikasema, huku mikono ya Afisa Rutashobya ikiwa bado hewani.

Mkono mmoja hauwezi kuwa mahali pawili. Kompyuta yake ikazima. Jina la juu ya mlango likageuka jekundu, na ile sauti laini ya kike, niliyoichukia kuliko sauti zote duniani, ikatangaza kwamba Rutashobya hayupo. Alipangusa kioo cha mezani. Akapangusa tena, akajifuta kidole kwenye suruali, akapangusa kwa mkono wa kushoto. Sikuhesabu ni mara ngapi. Mama alihesabu.

"Lakini nipo hapa," Rutashobya alisema.

Hakuna aliyecheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na nilikuwa nimejiandaa kuufurahia uchungu wake. Sikuupata utamu niliotarajia. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye tai, na macho yake yalikuwa yameduwaa vilevile kama ya mama siku ile ya pua.

"Tunakuona, mwanangu," mama alimwambia. "Kaa."

Akakaa. Kinyozi hajinyoi, afisa hawezi kujihakiki. Wa kumhakiki yuko makao makuu, na mtu ambaye hayupo hawezi hata kupiga simu makao makuu. Mwishowe Rutashobya akatoa ufunguo wa kawaida mfukoni, akafungua droo ya chini kabisa ya kabati la chuma, akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi na kulipangusa vumbi. Lilikuwa daftari la mashahidi.

"Kumbe lipo," nilisema. Mama yangu alikuwa anagawa sindano nusu, na muda wote huo daftari lilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Hakunitazama.

Daftari lilitaka mashahidi wawili walio hai, watakaosema kwamba wamemwona mtu huyu kwa macho yao, na kutia dole gumba kwa wino. Rutashobya akawaangalia watu ukumbini. Wapo aliowafahamu kwa majina, wapo jirani zake. Kila mmoja kwenye foleni ile alikuwa amekuja asubuhi hiyo kuomba aonekane, na kila mmoja alikunja mikono akatazama sakafu.

"Nitakushuhudia mimi," mama alisema.

"Shahidi lazima awe hai, mama."

"Basi niandike."

Akaandika. Nilimshuhudia mimi pamoja na Mayu Nshoma wa lundo la tatu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu jina la Mbuke likawa na neno Yupo mbele yake, kwa kalamu ya wino wa bluu. Mama akamwambia aandike na Holo, kwamba amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Akaliandika hilo nalo. Akaandika cheti cha dawa kwa mkono, akagonga muhuri. Nikachukua nyundo, nikaufuta mkono wake huku akitazama, mpaka kitaa cha machungwa kikazimika. Nilimuuliza nyundo zetu zitakuwaje. Akasema hajui, ila daftari halina sehemu ya kuandika nyundo.

Ndipo mama alipochovya gumba kwenye wino na kulikandamiza mbele ya jina la Rutashobya. Halikuacha mstari hata mmoja, lilikuwa doa jeusi tupu. Rutashobya alilitazama doa lile muda mrefu.

"Yupo," mama alisema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Nami nikatia gumba langu, la shahidi wa pili, kwa sababu mama alikuwa ananitazama.

Kutoka pale tulikwenda zahanati, na mama akajichoma sindano palepale kwenye benchi, nzima, si nusu. Kisha akakataa kwenda nyumbani. Lundo la Holo lilikuwa limebakiza mawe tisa. Mama alikaa kwenye kigoda cha mwenzake, akatoa simu ya Holo kikapuni, akaizima, akaifunga ndani ya kitambaa. Ndipo akainua nyundo ya Holo akagonga, moja zito na mawili ya kumalizia, mpaka jiwe la tisa.